Risasi Ndogo Kwenye Mchele

Panya walipozidi stooni kwetu mtaa wa Gerezani, ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alisema dawa yao ni bunduki ya upepo. Sumu hatuwezi kuiweka karibu na mchele, na mitego walishaizoea, wanakula chambo na kuondoka. Yeye kibali cha bunduki alikuwa nacho miaka mingi, maana ana shamba Kisarawe na huko huwinda kanga na kwale. Nilimwitikia kwa heshima, lakini moyoni nikasema: huyu mzee anataka kanga, panya ni kisingizio.

Tangu baba afariki na duka la nafaka la Kariakoo kubaki mikononi mwangu, nilikuwa nimejifunza kutomwamini mtu haraka. Kila aliyekuja kunisaidia nilitafuta anachokitaka. Hata ami, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Tulikwenda kwa fundi mmoja aliyeruhusiwa kuuza bunduki hizo, karakana yake haiko mbali na stoo. Akatuwekea mbili mezani. Kwa macho yangu zilikuwa pacha, mpaka alipotuonyesha midomo ya mitutu. Moja ilikuwa ya milimita nne na nusu, nyingine ya tano na nusu. Risasi zake ni vidonge vyenye kiuno kama cha nyigu, na kweli vya ile ya pili vilikuwa vinene zaidi.

"Chukueni kubwa," fundi alisema kabla hatujauliza.

"Kubwa," ami naye akasema, upesi mno.

Nikawatazama wote wawili. "Panya ana ukubwa gani hata apigwe na kubwa?"

Ami akacheka. "Mwanangu, ndogo ina kasi. Inanyooka, unalenga kwa raha, lakini inapenya na kupita. Kubwa ni nzito, inakwenda taratibu kidogo, nguvu yote inabaki ndani ya mnyama. Anaanguka palepale, hateseki."

"Na kanga je?"

"Na kanga pia," alijibu bila aibu. "Ukimwangusha palepale unamuwahi na kisu angali hai, nyama inakuwa halali. Ukimtoboa tu anakimbilia vichakani, unamkuta kibudu."

Basi nikaona shaka yangu imepata ushahidi. Fundi, ili kunituliza, alichukua mche wa sabuni, akauweka mbele ya ubao uani na kuupiga kwa bunduki zote mbili. Kidonge kidogo kilipita kikajikita ubaoni. Kikubwa kilibaki katikati ya sabuni. Sikuridhika. Nilivuka barabara nikanunua sabuni yangu mwenyewe, nisije nikachezewa, nikamwambia arudie. Majibu yakawa yaleyale.

Jirani yetu wa stoo, muuza springi za magari, alikuwa amesimama mlangoni akituangalia na kutikisa kichwa. "Dada, wewe ungefaa kuwa mpelelezi," alisema. Tulichukua ile kubwa. Tulipoondoka nilimwona akiinama mezani, anaishikashika ile iliyobaki.

Ami akaanza kazi. Alasiri, vijana wakishamaliza kupakua mizigo, alikaa kwenye kiti cha plastiki na kumsubiri panya ashuke sakafuni, upande wa ukuta wa matofali. Nilimkataza kupiga kuelekea magunia, naye alikubali. Panya wakapungua. Hata hivyo kila aliponiambia amepata mmoja, nilikwenda kuutazama mzoga.

Kisha asubuhi moja akaja dukani mama ntilie anayechukua mchele kwangu tangu enzi za baba. Hakusalimia kama kawaida yake. Alifungua kitambaa akaniwekea kitu juu ya kaunta.

"Dada, hiki nini? Mteja wangu kidogo avunjike jino. Mbele za watu!"

Kilikuwa kidonge cha risasi, kimepinda pua kidogo. Madini yale si ya kuliwa, na mchele ule ulikuwa umetoka kwenye mikono yangu. Nilimwomba radhi, nikampa gunia jingine, nikamsihi asipike tena ule aliobaki nao. Akilini mwangu mkosaji nilikuwa nimeshampata.

Nilimkuta ami stooni anakunywa kahawa. Sikusema hata shikamoo.

"Ami, umepiga kwenye magunia."

"Wallahi sijapiga."

"Hiki kimetoka wapi?"

Alikichukua, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Aliikunja bunduki, akakiingiza mtutuni. Kidonge kikateleza chote, kikatokea mdomoni na kuanguka kwenye kiganja chake. Akatoa kipya kwenye kopo lake, akakiweka. Hicho kilikwama pale pale mwanzoni. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Hii ni nne na nusu," alisema. "Si yangu."

Nilipanda juu ya magunia hadi karibu na bati. Ukuta unaotutenga na jirani haukufika juu. Palikuwa na mwanya ambao panya waliutumia kama barabara yao, na gunia la juu kabisa lilikuwa na vitobo vidogo vya mviringo na damu iliyokauka. Nilichungulia upande wa pili. Chini yangu, kati ya mafungu ya springi, bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Tulimwendea. Alidhani tumekuja kumsalimia.

"Nawapiga wakiwa juu ya ukuta tu," alisema, uso ukimshuka. "Nilidhani panya si kama ile sabuni, risasi inaishia mwilini mwake. Jamani, mimi mwenyewe nakula kwa yule mama!"

Nilitafuta uongo usoni mwake kwa muda mrefu, sikuuona. Siku hiyohiyo alileta mwashi wake mwenyewe, mwanya ukazibwa kwa wavu na saruji. Magunia yote ya safu ile tuliyatoa tukayatupa, na mama ntilie nilimfuata kijiweni kwake kumweleza mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza huku akikoroga mchuzi, akaniuliza kama nina uhakika mchele uliobaki ni salama. Nilisema ninao. Aliendelea kununua kwangu, lakini hadi leo huupembua mchele wangu mbele yangu, punje kwa punje, na mimi husimama nikimsubiri amalize.

Ami aliipeleka bunduki Kisarawe, nami nikaleta paka wawili. Ijumaa iliyofuata alinitumia kanga, ameshanyonyolewa, na ujumbe kwamba niikague nyama vizuri kabla sijapika. Sikujua ananitania au bado ameumia. Niliikagua.