Kwenda Mbale Kutazama Chumba

Kiwanda kidogo cha sabuni huko Mbale kilinipa kazi ya stoo, kikataka jibu kabla ya Jumatatu. Kwa mtu aliyekaa Mafubira, pembeni mwa Jinja, kwa mama yake tangu amalize chuo, lilikuwa jibu la neno moja. Mimi nikaligeuza kesi. Jinja nina mama, kitanda na mitaa mipana yenye miti, kazi sina. Mbale kuna kazi, lakini simjui mtu. Nilipomuuliza mama, akasema, "Amua mwenyewe." Sijui nani alibuni jibu hilo ili kututesa. Nikaona heri niende nikatazame chumba nilichoelekezwa, na wakaaji wa huko waniambie faida na hasara.

Ijumaa jioni nilihangaika na zawadi. Kwetu huingii nyumba ya mtu mikono mitupu, hata kama humjui. Lakini nipeleke nini? Sukari, nitaonekana nakwenda matangani. Mkate, nitaonekana bahili. Baada ya kumchosha mama mpaka akaenda kulala, nilichagua sangara wa kukaushwa, mnene, nikamfunga kwenye gazeti.

Jumamosi asubuhi nilipanda pikapu ya jirani yetu, Bwana Waiswa, ambaye kila wiki hufuata vitunguu na kabichi Mbale.

"Banange, huyo samaki umemwoa?" aliuliza tulipopita Iganga, akifungua dirisha. "Mbona umempakata hivyo?"

Nilimwambia ninachotafuta. Akasifu Mbale: hewa ya mlimani, vitu bei rahisi, maduka ya jumla kila kona.

"Mbona basi huhamii?"

"Mimi? Pale ukinunua nusu kilo ya nyama, mtaa mzima unajua."

"Na Jinja je?"

"Jinja hata hiyo nyama hununui. Pesa haizunguki."

"Kwa hiyo wapi bora?"

"Inategemea."

Tulivuka Mto Mpologoma, mashamba ya mpunga yakitandaza maji huku na huku, naye bado anasema inategemea. Nilitamani kushuka nitembee.

Kabla ya adhuhuri tulifika Mbale. Genge la mlima Wanale limesimama juu ya mji kama ukuta, na chini yake malori ya Kenya yanapigiana honi. Bwana Waiswa alinishusha upande wa viwandani, kwenye nyumba ya vyumba sita iliyopauka kwa vumbi la mashine za unga.

Mwenye nyumba, Mama Hadija, ni wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudani. Kiswahili ni chake tangu utotoni.

"Na wewe Kiswahili hicho umekipata kambini?"

"Ndiyo, mama. Marehemu baba alikuwa askari magereza, Jinja."

"Nilijua tu! Afande Okiror, toka nje, wamekuletea ndugu!"

Nikampa samaki kwa mikono miwili. Akamfungua, akanusa, akanitazama kwa upole ulionitia wasiwasi, kisha akaingia naye jikoni. Nilikaa nikisubiri kuonyeshwa chumba. Badala yake nikasikia kitunguu kikikaangwa.

Afande Okiror, askari magereza kutoka Teso, alileta kigoda chake. Nambozo, mshonaji wa chumba cha mwisho, alileta malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga. Samaki alipoletwa, nikaona nafasi yangu. Nikauliza: kuishi hapa kukoje?

Lo! Afande alisema maji hukatika kila asubuhi. Nambozo akasema, afadhali hayo ya bomba, mvua ikinyesha mlimani mto Nabuyonga unakufuata kitandani. Vumbi. Kelele za mashine. Majirani wanaohesabu wageni wako.

"Wewe ndiye unayewahesabu," Afande alimwambia.

"Nani atawahesabu, na wewe unakoroma?"

"Basi rudi kijijini kwenu Bududa."

"Nirudi nikamshonee nani? Mbuzi?"

Afande mwenyewe alikiri kwamba aliwahi kupewa uhamisho wa Kampala, akaomba abaki. Kwa nini? Akatafuna mwiba wa samaki, akafikiri sana. "Hapa napajua," alisema. Hilo nitaliandika upande gani, faida au hasara?

Mwanamume mmoja akabisha hodi getini, akauliza kama chumba bado kipo.

"Kimechukuliwa," Mama Hadija alijibu bila kuinuka. "Mwenyewe huyu hapa. Tunakula samaki wake."

Nilipaliwa. "Mama, mimi nilikuja kutazama tu!"

"Kutazama?" Alicheka mpaka ushungi ukamteleza. "Anayetazama huja na pua juu, anagongagonga kuta, anauliza choo. Anayeleta kitoweo amehamia. Sasa mwanangu, nimrudishe yule?"

Wote walinitazama. Yule mwanamume pia alinitazama, mkono bado getini. Nilisema nipewe mpaka Jumatatu. Mama Hadija akamwambia apite Jumatatu, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Ndipo nilipokiona chumba, kwa haraka: dirisha moja, sakafu imara, mlango unaokwaruza.

Alasiri nilirudi juu ya kabichi za Bwana Waiswa, nimekasirika. Niliwaza nimepoteza siku. Niliuliza faida, nikapewa hasara tupu na watu wasiotaka kuondoka. Karibu na Namutumba ndipo nilipong'amua kwamba hakuna mkaaji wa mji wowote atakayenipimia mji wangu. Wanaukalia kwanza, sababu wanazitafuta baadaye, na wengine hawazipati kabisa.

Jumapili, baada ya kanisa, mama aliuliza, "Enhe, umepaonaje?"

Nikaanza. Maji yanakatika, unga unaingia mpaka masikioni, mlango unakwaruza, itabidi utiwe mafuta. Mama Hadija anamwamulia mtu mambo yake. Afande anakoroma, na ukuta wenyewe mwembamba, kitanda lazima kiwe upande wa dirisha. Nililalamika mpaka chai ikapoa.

Mama alisubiri nimalize. "Basi, unahama lini?"

"Jumamosi," nilisema, nikaenda kutafuta simu.