Jina lazima liitikiwe bombani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya ndoo na madumu imeshajipinda kwenye bomba la maji, na Mignonne Mushiya, mzazi wa siku mbili, amesimama mlangoni mwa wodi na bintiye kifuani. Ameambiwa aliite jina la mtoto kwa sauti, lifike mpaka bombani, hatua arobaini kutoka pale. Anafungua mdomo. Anaufunga. Anamgeukia mkunga aliye kando yake, machozi yanamlengalenga.

"Mama, sauti inakatala," ananong'ona.

"Basi, mwanangu. Rudi ulale," anajibu mkunga huku akimshika kiuno kumrudisha kitandani. "Kesho tutasimama tena hapa. Uko na haya tu, itaisha."

Hiyo ni Jumatatu, katika kituo kimoja cha afya cha Musonoi, mjini Kolwezi, ambako vumbi la mashimo ya shaba huamka kabla ya watu. Na mkunga huyo, ambaye kwa mara moja katika maisha yake alikuwa amekosea kabisa, ni Mama Honorine Kabemba.

Ana miaka hamsini na miwili, na kati ya hiyo ishirini na minne ameitumia kupokea watoto. Ni mfupi wa kimo, mwepesi wa miguu, na sauti yake ukiisikia kabla hujamwona utadhani wamekuja wawili. Posho yake ni faranga laki mbili na nusu kwa mwezi, ikija. Isipokuja, hapandi pikipiki. Anatembea kilomita tatu asubuhi na tatu jioni, na anafika kazini akiwa wa kwanza kulalamika na wa kwanza kunawa mikono.

Lakini si kuzalisha kulikomletea jina Musonoi. Ni majina ya watoto wenyewe.

"Bazazi banakuja karibu na sikio yangu sawa bezi ba usiku," anasimulia, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Banasema, 'Mama, tunapenda kumuita Upepo. Lakini usiandike kwanza!' Sasa mi nifanye nini na jina yenye hawataki niandike?"

Alichofanya ni kununua daftari la shule na penseli. Kila jina alilonong'onezwa aliliandika humo: Upepo, Alfajiri, Kimya, Safari, Jiwe. Baada ya wiki chache mama alikuwa akirudi kumpima mtoto uzito, na Honorine akifungua kadi anakuta Upepo amekuwa Godelieve, na Alfajiri amekuwa Benoît kama babu yake. Majina mazuri, anakiri, hana ugomvi nayo. Ila hayakuwa yale yaliyomfanya mama atabasamu na uchungu bado haujapoa.

Kwa miaka mitatu aliandika majina mia mbili na kumi na manne. Yaliyofika kwenye daftari la vizazi la komini, ofisi ya serikali ya mtaa, yalikuwa kumi na tisa tu.

Sababu alizozisikia ni nyingi. Bibi atakasirika. Padri atakunja uso siku ya ubatizo. Mwalimu atalitamka vibaya. Wengine waliogopa kwamba jina litamvuta mtoto mahali wasikokujua. Honorine aliyachekecha yote hayo akapata jibu moja. "Bazazi habaogope jina," anasema. "Banaogopa kicheko."

Dawa yake ilipatikana kwa bahati. Siku moja mama mmoja, Huguette, alimwona mumewe bombani akichota maji, na furaha ikamshinda. Akapiga kelele toka mlangoni: "Zambarau! Zambarau!" Ndilo jina walilokuwa wakinong'onezana mwezi mzima. Mumewe akaduwaa, dumu mkononi, akaona wanawake wote wanamtazama yeye. Kwa kuwa mtoto hakuwa na kinywa cha kujibu, akajibu yeye: "Eee!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Zambarau sasa ana miaka minne, na hakuna mtu Musonoi anayeona ajabu.

Tangu hapo Honorine akaweka utaratibu wake. Mzazi anasimama mlangoni na kuita mara tatu. Mmoja wa jamaa anasimama bombani na kuitika kwa niaba ya mtoto. Likiitikiwa, mkunga analiandika kwa wino. Lisipoitikiwa, linabaki kwenye penseli. Mpaka mwezi uliopita majina tisini na sita yalikuwa yameitwa, na sabini na moja yalikwenda kuandikishwa komini kabla siku tisini za kuandikisha bure hazijapita.

Msomaji asidhani mama huyu anapenda kila jina. Gaston, fundi wa reli aliyetoka Kasaji, alitaka mwanawe wa kiume aitwe Lokomotivi. Alisimama mlangoni kifua mbele, akaita mara moja, akasikia mwenyewe alichokisema, akacheka mpaka akakaa chini. Mtoto alitoka kituoni akiitwa Dieudonné. "Nayo ni kazi ya robinet," anasema Honorine, akilionyesha bomba kwa kidole. "Kama jina haina nguvu, inakufa pale pale, hakuna mwenye alilia."

Si wote waliofurahishwa na kelele hizo. Tata Kazadi, muuguzi mkuu wa kituo, ni mtu mpole anayependa utulivu na faili zilizonyooka. Familia mbili zilishawahi kugombana uani kwa sababu ya majina, na wagonjwa wakaacha vitanda vyao kwenda kutazama. Alimwonya Honorine waziwazi: fujo nyingine ikitokea, mambo ya bombani yamekwisha.

Hapo ndipo alipofika Mignonne.

Mumewe, Merdi Kalumba, mwenye miaka ishirini na sita, ni mchimbaji mdogo wa shaba na kobalti. Alhamisi ya wiki iliyotangulia udongo uliporomoka na kumfungia shimoni pamoja na wenzake watatu. Walikaa huko saa thelathini na moja. Mignonne, tumbo likiwa limeshuka, hakuruhusiwa kusogea karibu. Aliketi nyumbani, amezungukwa na majirani wasiojua la kumwambia. Kisha akasikia sauti kwa mbali, toka mtaa hadi mtaa, toka kwa mwenye pikipiki hadi kwa mwenye kuuza maandazi, mpaka ikafika mlangoni pake: "Alitoka! Merdi alitoka!"

Wote wanne walitoka hai. Jumamosi mtoto akazaliwa, na Merdi, mbavu zimefungwa bendeji, alimtazama mkewe na mkewe akamtazama. Walikuwa wameshalijua jina kabla hawajasemezana.

"Tulisema ataitwa Alitoka," anaeleza Merdi. "Ile neno njo ilinirudishia bibi yangu Mignonne, na yee njo ilimurudishia mi."

Honorine alilipenda mara moja. Ni kweli, wanawake wa wodini hawakukosa la kusema. Mmoja alitabiri kwamba mwalimu akiita "Alitoka!" darasa zima litajibu "Alienda wapi?" Wakavunjika mbavu, na Mignonne akacheka nao. Ndiyo maana siku ya Jumatatu, sauti ilipomgomea mlangoni, mkunga alifikiri ni haya tu ya kawaida.

Haikuwa haya. Jumanne mchana aliingia wodini mama mmoja wa makamo mwenye sufuria ya uji iliyofungwa kwa kitambaa. Ni tantine Agnès, shangazi yake Merdi aliyemlea tangu akiwa mdogo. Miaka miwili iliyopita, shimo jingine lilimmeza mwanawe wa pekee, Dimitri. Agnès alikaa ukingoni siku tano. Hakuna aliyekuja na neno.

Alimpa Mignonne uji, akamngoja anywe mpaka amalize, ndipo akamgeukia mkunga.

"Weye njo unafundisha hii batoto kucheza na kilio yangu?" aliuliza, na sauti ikaanza kupanda. "Kila asubuhi nisikie Alitoka, Alitoka! Na wangu? Wangu alitoka? Mutoto ataitwa Numbi, jina ya mama yangu. Ile ingine sitaki kuisikia."

Mignonne alijifunika uso kwa khanga.

"Nilisikia haya mwili muzima," anakumbuka Honorine. "Mi nilikuwa nacheka na ule mutoto, nasema ni haya. Kumbe alikuwa anawaza Dimitri, anachunga moyo ya mukubwa wake Agnès. Nilikosea, na nilikosea vibaya."

Tata Kazadi alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirisha. Alimwita ofisini, akamwambia kwa upole uleule wa siku zote kwamba hilo lilikuwa la mwisho.

Honorine aliomba asubuhi moja tu. Kisha akarudi kwa Agnès, akapiga magoti mbele ya kiti chake, akaomba radhi mbele ya watu wote. Na baada ya radhi akamtolea pendekezo.

"Mama, kesho kwa robinet utasimama weye, si mutu mwingine," alimwambia. "Ukiitika, tutaandika. Ukinyamaza, mutoto ni Numbi, Mignonne amekubali, na hakuna mwenye atakuhesabia mubaya. Na mi, sitaita tena jina ya mutoto mu hii lupango ya kituo mpaka nitatoka kazi."

Agnès alichukua sufuria yake akaenda.

Jumatano asubuhi alikuja. Alipita foleni bila kusalimia, akasimama karibu na bomba, mikono imefumbatwa. Habari ilikuwa imeshaenea, na foleni siku hiyo ilikuwa na wanawake wengi kuliko ndoo. Kazadi alikuwa dirishani. Merdi aliegemea ukuta akijishika mbavu.

Mignonne alisimama mlangoni. Safari hii sauti ilikuja, ndogo lakini safi. "Alitoka!"

Agnès alitazama chini.

Mignonne akapandisha sauti. "Alitoka!"

Agnès aligeuka, akawapa mgongo. Bombani dumu la mtu lilijaa, maji yakamwagika, na hakuna aliyenyoosha mkono kuyafunga. Honorine anasema hapo moyo wake ulishakubali kushindwa. Alianza kuwaza atakavyolifunga daftari lake na mahali atakapoliweka.

Mara ya tatu Mignonne hakuita kama mtu anayejaribu. Aliita kwa pumzi zote alizobakiwa nazo, mpaka mtoto akashtuka kifuani. "Alitokaaa!"

Kisha Agnès, bado amewapa mgongo waliokuwa wodini, akainua mikono yote miwili na kuwaambia wanawake wa foleni kwa sauti iliyopasuka: "Alitoka! Bamama, munasikia? Alitoka! Mutoto yetu alitoka!"

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisimamisha pikipiki barabarani. Agnès alizitembea zile hatua arobaini huku analia bila kujificha, akampokea mtoto, akamwitikia sikioni mwake: "Eee." Honorine alikuwa akipapasa mifuko akitafuta kalamu, na hakuiona, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa maji. Aliyempa kalamu ni Tata Kazadi, ambaye hakuna aliyemwona akitoka ofisini. Alisema neno moja tu: "Andika."

Mtoto aliandikishwa komini Jumatatu iliyofuata: Alitoka Kalumba. Na Numbi? "Numbi atangoja," anajibu Agnès bila wasiwasi. "Bado batazaa."

Mwezi mmoja baadaye, siku ya kupima uzito, ni Agnès aliyemleta mtoto, amemfunga mgongoni kwa kitenge kipya. Kilo nne na gramu mia tatu. Alipoulizwa ni nini kilichomgeuza pale bombani, alimtengeneza mtoto kofia kwanza.

"Siku tano nilikaa pale kwa shimo nikingoja mutu mumoja aniambie hii neno," alisema. "Mumoja tu. Hakuna mwenye alisema. Nilifikiri kuisikia kwa mwingine itaniua. Pale kwa robinet niliona kama hakuna mwenye atanipatia, basi naisema mi mwenyewe. Sasa naisema kila asubuhi, na kuko mwenye kunitazama wakati naisema."

Kelele za bombani hazikufungwa. Kazadi amezipangia saa, kumi na mbili na nusu hadi saa moja, na ameziandika kwenye ratiba ya kituo, ukutani, chini ya chanjo. Mwezi huu pekee wazazi kumi na wawili wameita, na kumi na mmoja wameitikiwa. Wakunga wawili vijana wametoka Kasaji kuja kujionea, na Honorine amepanga kwenda huko msimu wa kiangazi, kwa gharama yake, kuwafundisha jinsi ya kuchagua mtu wa kusimama bombani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, anasema. Kuita kila mtu anaweza.

Amebakiza miaka mitatu astaafu. Na kwa huyu mtoto wa Merdi na Mignonne anatamani nini? Hakuhitaji kufikiri.

"Natamani siku moja Agnès amuite mara tatu, aite mpaka sauti ikauke," anasema Mama Honorine, "na ule mutoto akatale kuitika, juu iko anacheza na batoto benzake."