Ng'ombe Jikoni, Shemeji Mlangoni

Siku niliyopanga kurudi kwenye kundi, kitu kilichonizuia ni karatasi ya mandazi.

Cheka tu. Hata mimi ningecheka, lakini wakati huo kucheka kulikuwa kumekauka ndani yangu.

Naitwa Fancy. Niliingia Mlango Mmoja, kundi la dini, nikiwa nimetoka tu shule, na ujana wangu ukaishia huko. Boma letu lilikuwa nje ya Silibwet. Huko anayesoma ni Mwalimu peke yake, nyinyi wengine mnasikiliza. Hata Biblia ilikaa kwake. Ukipatikana na kipande cha gazeti unasimamishwa mbele ya wote, na hakuna mtu anakusalimia mpaka yeye aseme imetosha.

Na mimi nilikuwa mtu wa riwaya, wacha tu. Zangu zote ziliwasha jiko siku niliyoingia.

Nilitoka kwa sababu nilichoka. Hakuna stori kubwa hapo. Mama mdogo alinipokea kwake Sosiot, akanipa kikapu, nikaanza kuchuma majani chai.

Watu walidhani nitafurahi. Wapi! Nilichuma, nikala, nikalala. Mama mdogo aliniwekea gazeti mezani, nikaangalia herufi, hakuna kilichoingia.

Tecla alikuwa ananipigia. Ndiye kiongozi wa akina mama huko Mlango Mmoja, na ndiye alinifunza kuomba. Hakuwahi kugombana. Aliniuliza tu, kwa upole, "Fancy, huko nje unapata nini?"

Nikamwambia aje anichukue Ijumaa. Kama ni kukaa bila kusikia kitu moyoni, afadhali nikae na watu nimewazoea.

Ijumaa nikapeleka majani yangu ya mwisho kwa banda la kupimia, begi likiwa mgongoni. Lori ilichelewa kama kawaida. Mama Mongina huuza mandazi hapo kwa banda, na siku hizo alikuwa anafungia kwa kitabu cha zamani cha binti yake, anararua karatasi moja moja.

Nilikula, nikabaki na karatasi yenye mafuta mkononi, macho yakaanza kusoma.

Mwanamke amefiwa na bwanake. Mashemeji wanakuja kuchukua ng'ombe wake, kwa hivyo amemficha jikoni. Shemeji mkubwa amefika mlangoni, anaomba chai. Huko jikoni ng'ombe anaanza kukohoa.

Nikageuza. Karatasi imeisha.

Jameni, nilikasirika! Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, na hapo ndipo nikashtuka, kwa sababu sikuwa nimesikia kitu chochote tangu nitoke Silibwet.

Tecla akafika, kitambaa cheupe kichwani, viatu vimejaa matope. Akashika begi langu.

"Siendi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Sasa ningemwambia nini? Ng'ombe? Nikampa karatasi. Nilijua angeweza kuipeleka kwa Mwalimu, na jina langu litajwe vibaya mbele ya watu wote niliowahi kupenda.

Tecla aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akasoma. Akageuza, akageuza tena.

Halafu akauliza polepole, "Na hiyo ng'ombe?"

"Sijui."

Mama Mongina alikuwa anatusikiliza wakati huo wote. "Nunueni mandazi," akasema.

Tulinunua. Karatasi iliyofuata tukaisoma pamoja, vichwa vimegusana, mandazi ikapoa. Siwaambii ilikuwaje.

Tecla alirudi Silibwet jioni hiyo. Bado yuko huko, na jina lake hapa nimebadilisha. Mama Mongina alikubali kunipa kitabu kilichobaki, nami nikampa magazeti ya mama mdogo ya kufungia, na kila Ijumaa simu inalia. Tecla hasalimii. Anasema tu, "Soma."

Mimi sijapona. Kuna siku naamka na ndani ni kimya kabisa. Lakini ukitoka mahali kama pale na mtu akuulize unapata nini huko nje, usitafute jibu kubwa. Tafuta kitu kimoja unachotaka kujua kitaishaje, ukae mpaka ukijue.