Kaka yangu alipata kazi ya stima, Dani akasikia meli

Sasa wakuu. Mimi huwa nasoma tu hapa, sijawahi kuandika. Niliishia darasa la nane na naandika polepole, kwa hivyo mnivumilie. Haya yalitokea kwetu nyumbani na sijayatia chumvi.

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market. Naishi Kawangware na kaka yangu Oduor, fundi wa welding, na Dani. Dani ndiye nyanya yetu, na ndiye aliyetulea.

Oduor alikuwa amekaa sana bila kazi ya maana. Siku moja akarudi kutoka kwa ajenti huko Kilimani akitabasamu. Akamwambia Dani amepata kazi ya stima, nchi fulani ya visiwa, mbali.

Dani akaweka kikombe chini.

"Stima hapana."

Hapo ndipo nilijua kwamba kwao ziwani, akiwa msichana, stima ilikuwa meli. Ile kubwa ya kubeba watu na magunia. Kaka yake mkubwa aliandikwa kazi kwa stima na hakurudi.

Sisi tulicheka. Oduor akamwonyesha taa pale juu, akamwambia, "Dani, hiyo yako ni ya kitambo. Hii ni stima ya balbu."

Dani akatulia. Akasema kama ni ya balbu, aende. Akamshika kichwa akamwombea. Kwetu hakuna mtu husafiri bila hiyo.

Siku chache kabla ya safari, ajenti akamtumia Oduor picha ya mahali pa kazi. Akaja kunionyesha sokoni nikiwa katikati ya kusuka mteja.

Ilikuwa meli, wakuu. Meli nzima imejaa mabomba ya moshi. Oduor alinieleza inachoma mafuta mazito, inatengeneza umeme, halafu nyaya zinatoka hapo majini kwenda kuwashia kisiwa chote.

Stima ndani ya stima.

Mteja wangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia maneno ya Dani, akachungulia simu. "Kwa hivyo shosho alikuwa right," akasema.

Oduor alitaka tunyamaze, eti tayari ameombewa. Mimi ni mtu wa haya, hata bei za kusuka huwa nashindwa kubishana. Lakini niliona yale maombi hayakuwa ya meli. Dani akijua baadaye, atabaki akimlilia kama alivyomlilia kaka yake. Nikamwambia, "Mwambie wewe, au nitamwambia mimi."

Jioni akamwambia. Dani akaitisha ile picha, akaisogeza karibu na macho.

"Hiyo meli inaenda wapi?"

"Haiendi popote, Dani. Imetia nanga, inakaa tu hapo ikinguruma."

"Na ikizama?"

Oduor akasema ikizama kisiwa chote kitakaa giza, ndiyo maana inachungwa kuliko mtoto.

Dani akafikiria. Akasema hajawahi kusikia meli mvivu hivyo. Kisha akavuta stuli karibu.

"Piga magoti tena. Ile siku nilimwambia Mungu usianguke kutoka kwa nguzo za nyaya."

Tulicheka sisi wote, lakini Oduor alipoinama nilimwona akipangusa macho.

Sasa yuko huko. Hupiga simu Jumapili baada ya kanisa. Juzi stima ilipotea hapa kwetu akiwa bado kwa laini, na Dani akamwambia, "Ngoja kidogo, meli ya huku imezama tena."

Nilichojifunza ni kimoja. Mzee akishika neno vingine, muulize ameliona wapi kabla hujacheka.

Nyinyi kwenu stima ni nini? Na kama kuna mtu humu amefanya kazi kwa meli kama hiyo, aniambie kukiwa na dhoruba wanalala aje. Dani ndiye anataka kujua, lakini amesema niandike ni mimi nauliza.