Pointi Moja ya Kukosa

Enzi zetu pale Kangemi, mpira ulikuwa wa duara, wa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba, na aliyekosa goli alizomewa hadi jioni. Tulirudi kunywa chai na vumbi mpaka kwenye kope, mama akauliza, "Nyinyi mmelima shamba la nani?"

Kisha akaja ticha wa kujitolea kutoka Australia na mpira wa umbo la yai. Ulidunda ulivyotaka wenyewe. Unaushika kwa mikono, unaupiga teke, unampa mwenzako kwa kuugonga ngumi. Milingoti ilikuwa minne: ukipitisha katikati, pointi sita, ukipitisha pembeni, pointi moja. Yaani unakosa, halafu unapewa! Tuliitikia tu, "Ndio, ticha," bila kuelewa.

Rafiki yangu Shiundu alicheza kiungo, tena hakuna aliyemweza. Siku moja ticha akatangaza mechi na vijana wa Muthangari. Nahodha wa timu itakayoshinda angepelekwa Australia kufunzwa. Nahodha wetu alikuwa Shiundu. Wao nahodha wao alikuwa Mutiso, kijana mwembamba asiyejua kuchoka.

Dakika ya mwisho tulikuwa sare. Shiundu akapata mpira karibu na milingoti, lakini pembe ilikuwa mbaya. Nikapiga kelele, "Wee Shiundu, usipige! Utakosa, watatucheka!"

Akasita. Wakamwangusha, mpira ukawa wa Mutiso. Huyo akakimbia hadi upande wetu, akapiga, ukapita pembeni.

"Amekosa! Amekosa!" Tuliruka, tukakumbatiana. Filimbi ya mwisho ilitukuta tukiimba. Ndipo tukaona Muthangari nao wanaimba. Walikuwa wametushinda kwa pointi moja.

Mutiso alipelekwa Australia, akacheza huko miaka mingi, akawa kiungo bingwa, tuzo juu ya tuzo. Mimi niliacha shule, nikazunguka kazi zote za mji huu. Shiundu anachapisha kadi za harusi River Road. Juzi, dukani kwake, tulimtazama Mutiso kwenye simu akiaga uwanja, wenzake wamembeba mabegani. Kijana wa kazi, ambaye hutokwa jasho chaji ikiisha tu, akacheka: "Wazee, si mngeangalia sheria kwa simu?"

Simu gani, enzi zile?

Nikamgeukia Shiundu. "Kwani ticha hakutuambia?"

"Alituambia. Lakini wewe ndiye niliyekuzoea."

Vijana wa leo wana sheria zote mfukoni. Sisi tulikuwa na sauti ya rafiki tu, na tuliitii. Mpaka sasa sijui nijivunie au nilie.