Kiganja Juu ya Mshono

Mgeni aliteremka kwenye basi mkono wa begi lake ukiwa umekatika, katika mji asioujua hata kwa kuusikia, akaingia duka la kwanza lililonukia ngozi. Fundi mzee alikuwa anaaga duka lake siku hiyo. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua ili wakaishi pamoja, na basi lao lilikuwa linanguruma ng'ambo ya barabara.

"Mshono mmoja tu," fundi akasema, akalipokea begi.

Mshono ukazaa mshono. Honi ikalia.

"Baba, tutaachwa! Baba!" Sindano ikazidi kwenda. Binti akamgeukia mgeni. "Ndiyo umeshamzamisha kazini hivyo. Hata duka likiungua, atakuomba usogee, unamzibia mwanga."

Mgeni alijua lugha nyingi. Nyingine husema mtu wa hivyo ametekwa, nyingine amemezwa. Kuzama kulimwingia zaidi, maana aliyezama huhitaji wa kumwopoa.

"Mama ndiye aliyemweza," binti akasema. "Alikuwa anafunika mshono kwa kiganja, basi."

Tangu wamzike mama, hakuna aliyethubutu. Honi ikalia tena. Binti akaweka kiganja chake juu ya ngozi.

Sindano ikasimama. Fundi akautazama mkono ule, asiinue macho.

"Nakuja, mama watoto," akasema taratibu. "Chakula kisipoe."

Binti hakumsahihisha. Alimshika mkono wakavuka barabara, wakapanda, basi likaondoka. Mgeni akabaki kizingitini na begi lake, sindano ikining'inia kwenye uzi.