Nilivyoleta mathenge Bugarama, baba mkwe akaja kuchukua ng'ombe wake

Wakuu, habari za humu. Haya ni ya kweli tupu, na mngejua yanavyoniaibisha msingeniomba picha.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Bukavu, sasa naishi Bugarama, huku Rusizi. Ni bondeni, joto kali, na mvua zikikatika majani yanakauka, wenye ng'ombe tunaanza kutazamana vibaya.

Ng'ombe wangu nilipewa na baba mkwe, mzee wa Mibirizi, baada ya kumuoa binti yake.

Kwa wasiojua mila yetu: ng'ombe wa kupewa si kuku wa zawadi. Akizaa jike la kwanza, unampelekea aliyekupa, na undugu unakaa hapo. Ukimtesa, mwenyewe anakuja kumchukua mchana kweupe. Aibu hiyo unazikwa nayo.

Basi miaka kadhaa nyuma nikapelekwa semina Kenya, kule kwenye ukame. Ndipo nikaona mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa kuzuia jangwa. Kila kitu kimekauka, wenyewe kijani kibichi. Mbuzi wanakula maganda yake, kuni zipo, kivuli kipo.

Wenyeji walikuwa wanaulaani. Mfugaji mmoja akaniambia umemmalizia malisho yote.

Mimi msomi nikasema moyoni, hawa ni wavivu tu, hawana panga. Nikajaza maganda yenye mbegu kwenye soksi na kuvuka nayo mipaka.

Nikaupanda uwe uzio wa malisho yangu. Wakuu, uliota! Ng'ombe akayapenda maganda, maziwa yakaongezeka, majirani wakaanza kuniita Agronome, yaani bwana shamba. Na mimi nikaitika. Nikaanza hadi kutembea na kalamu mfukoni, sijui ya kuandika nini.

Sasa kosa lenyewe. Huku kwetu samadi hainyimwi jirani. Kila aliyekuja na kikapu aliondoka kimejaa, na mhadhara nikampa juu yake.

Kumbe mbegu za mathenge zinapita tumboni mwa ng'ombe salama salimini, zinatoka na mbolea yake ya kuanzia maisha. Nilikuwa nagawa miiba kijiji kizima, na watu wananishukuru.

Ikaota kwenye mihogo, ikaota kwenye maharage. Ukikata shina moja, yanachipua matano. Jirani yangu Maman Furaha akaja ameshika kandambili yenye mwiba.

"Papa Aline, muti yako inaingia mu shamba yangu bila kupiga hodi. Sasa miye niende kulima wapi?"

Jumamosi ya umuganda, ile ya kazi za pamoja, kijiji kizima kilikuja kung'oa mti wangu. Hakuna aliyeniita Agronome siku ile.

Kwangu ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Chini ya mathenge majani yote yalikufa, ng'ombe akabaki na maganda tu. Meno yakaharibika kwa sukari ya maganda hayo, akawa anatafunia upande mmoja huku mate yanadondoka. Mwiba ukaingia kwato ya mbele, mguu ukavimba. Na alikuwa na mimba.

Nikamwambia mke wangu asimwambie baba yake. Nadhani ndiye aliyempigia simu.

Mzee alifika asubuhi na kamba mkononi. Hakukaa. Akafungua kinywa cha ng'ombe, akatazama. Akainua kwato, akang'oa mwiba, akaniwekea kiganjani.

"Weye ulisoma mpaka ukasahau kama ngombe inakula majani," akasema taratibu. "Ngombe miye narudi nayo. Muti, bakia nayo."

Akampitisha mbele ya nyumba zote, polepole kwa sababu ya ule mguu, na watu wamesimama milangoni. Niliumia wakuu, sitawaficha. Nililia chooni.

Amezaa huko Mibirizi. Jike la kwanza, maana kwangu alikuwa amezaa madume tu. Yule ndama nilipaswa kumpeleka mimi kwa mkono wangu, nimevaa vizuri, na mzee anipokee mbele za watu. Sasa amezaliwa zizini kwake, na mimi habari nimezipata kwa Maman Furaha.

Funzo: ukikuta wenyeji wanaulaani mti, kaa chini uwaulize, hata kama una cheti.

Anayejua namna ya kuua visiki vya mathenge atiririke hapa. Ila wa kuniambia nipande mti mwingine wa kuushinda, aende kwanza Mibirizi akamweleze baba mkwe.